Kadi Mbili, Jicho Moja

Walimwita Mama Sare kwa sababu nusu ya watoto wa shule pale mtaani walivaa alichoshona yeye. Jicho lake la kulia lilipofuka kwa surua angali mdogo. La kushoto ndilo lililotunga uzi na kulisha nyumba. Kadi ya kwanza, ya bima ya umma, alijikatia mwenyewe. Ya pili, ya kampuni binafsi ya bima, ilitoka kazini kwa mumewe, dereva wa gari la mikate.

"Wewe ukiugua, hospitali zitakugombania," mumewe alimtania.

Zimgombanie wapi! Asubuhi moja kivuli cheusi kikaingia pembeni mwa jicho lile zima. Daktari wa hospitali ya umma akasema pazia la ndani ya jicho linaachia, lirudishwe haraka, ila mashine ya kazi hiyo ni mbovu. Hospitali binafsi ng'ambo ya barabara ilikuwa nayo. Yeye na mumewe wakavuka mbio.

"Sisi tunalipia kile bima ya umma ilichokataa," akasema karani wa kampuni ya bima pale mapokezi. "Leteni maandishi kwamba wamekataa."

Wakarudi kwenye dirisha la bima, hospitali ya umma.

"Hatujamkataa mama," binti wa dirishani akasema. "Tumempanga foleni. Mashine ikipona tutamwita."

"Lini?"

"Tutamwita tu, baba."

Jamani! Walivuka barabara ile mpaka walinzi wa mageti yote mawili wakawazoea, na kila siku kivuli kilipanda. Mama Sare, mwanamke asiyewahi kumpigia mtu magoti, akashika nondo za dirisha akalia kama mtoto.

"Nikatae, mwanangu. Nakuomba, nikatae tu!"

Binti alimwonea huruma, tena ya kweli, lakini mwenye kuandika ni mkubwa wake, na mkubwa alikuwa semina. Semina! Mtu anapofuka, wenzake wanakunywa chai na kupigiana makofi.

Mkubwa aliporudi aliandika mistari miwili. Kampuni ikakubali papo hapo. Daktari wa ng'ambo akamulika jicho, kisha akazima taa yake taratibu.

"Mmechelewa, mama."

Nyumbani Mama Sare aliketi kwenye cherehani, akapapasa sindano.

"Baba watoto, nitungie uzi."

Mumewe akalamba ncha ya uzi, akachomeka, akakosa. Akachomeka tena, akakosa.

"Bado tu? Mbona hilo tundu kubwa!"

"Silioni," akasema mumewe. Machozi yalikuwa yamemjaa macho yote mawili.