Shahidi wa Mama

Mama alimchagua bibi kuwa shahidi wake, na mimi nikaona hapo amepotea kabisa.

Barua niliisoma mwenyewe mara tatu, maana nyumbani kwetu barua za ofisini ni kazi yangu tangu nianze sekondari. Ombi lake la uraia limekubaliwa. Afike mahakamani hapa Bariadi Ijumaa saa tatu asubuhi kula kiapo, akiwa na shahidi mmoja, raia, mtu mzima anayemfahamu. Nikamwambia amchukue balozi wetu wa nyumba kumi, au mke wa mchungaji. Hao wanampenda.

"Wananipenda, ndiyo," mama akasema huku anapiga pasi sketi yake ya mtumba. "Lakini bibi yako ndiye anayenijua."

Bibi ni mama yake baba. Siku tulipomzika baba, miaka mitatu iliyopita, alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia mama: sasa rudi kwenu. Kwao ni Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambako baba alimkuta alipokuwa fundi huko. Mama hakurudi. Matanga yalipoisha alichukua jembe akaenda kupalilia pamba. Baadaye bibi alipoanza kuumwa miguu, akahamia chumba cha pili nyumbani kwetu, na maneno yale hayakuguswa tena na mtu. Mimi niliyaandika kwenye daftari hili la mambo yangu siku ile ile. Ndiyo maana niliogopa.

Uraia mama aliutaka kwa ajili ya kibanda. Tangu biashara ya nje ifunguliwe mitumba imejaa kila mahali, na yeye hufuata mabelo ya nguo Mwanza, anauza chini mnadani juu ya turubai. Sasa vibanda vya soko jipya vinagawiwa, na bwana wa leseni alimwambia bila karatasi ya uraia asijisumbue. Angemshikia kimoja mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi ulikuwa umebaki siku sita, na hakimu alikuwa anaanza likizo Jumatatu. Zaidi ya hapo, kipande, kitambulisho chake cha Kenya, alikuwa amekwisha kukirudisha kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo wiki ile mama hakuwa wa kule wala wa huku.

"Nikifa wiki hii," akasema, "mnizike mpakani, mguu huku mguu kule." Akacheka peke yake.

Ijumaa bibi aliamka kabla yetu. Alivaa vitenge viwili na koti la marehemu baba, akaning'iniza mfuko wa michembe begani, maana hawezi kwenda popote bila viazi vyake vya kukausha. Nilimpakia kwenye kerea ya baiskeli nikasukuma. Mama alitangulia na bahasha ya karatasi. Anatembea kama mtu anayekwenda kuchukua chake.

Nilidhani kutakuwa na bendera na watu wamekaa kwa mistari. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza, mafaili na dirisha moja. Nje walijaa watu wa kesi ya ng'ombe wanasubiri zamu. Hakimu, mtu wa Tanga, alimwonyesha bibi kiti. Bibi hakukaa. Alipiga magoti kwa shida, akamwamkia, "Mwangaluka," kisha akauliza kwa Kisukuma kama huko alikotoka hakimu wazazi wake wazima, ng'ombe wazima, mvua imenyesha. Hakimu akamtazama askari wa mlangoni. Askari naye alikuwa mgeni.

"Karani anayetafsiri ameenda msibani Maswa," hakimu akasema. "Nani humu ndani anajua Kisukuma?"

Mama anakijua, ila hawezi kujitafsiria shauri lake mwenyewe. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Darasani nikiulizwa swali naficha mdomo kwa daftari, wenzangu wananiita Kimya.

"Binti, wewe," hakimu akasema. "Mwulize bibi kama anamfahamu huyu mama, na ni mtu wa namna gani."

Bibi akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti, akaanza. Alisema huyu ni mbishi. Alikuja na sanduku moja, hajui hata kukamua. Akasema, "Na mimi nilimwambia rudi kwenu, mbele ya watu wote."

Nikaona kibanda kinakwenda, na mama anabaki hana nchi. Nikasema, "Anasema anamfahamu vizuri, mheshimiwa. Ni mkwe wake mwema."

Fimbo ikagonga sakafu.

"Sikusema mwema," bibi akasema, kwa Kiswahili.

Miaka yote bibi amenunua chumvi na kiberiti kwa Kisukuma. Hata mama aligeuka kumtazama.

"Kumbe Kiswahili unakijua, bibi?" hakimu akauliza.

"Nakisikia. Kukisema sitaki."

Hakimu aliuma midomo asicheke. "Binti, nipe maneno yake kama yalivyo. Usiongeze sukari."

Nikamtazama mama. Alinyanyua kidevu kidogo, kama anavyofanya mteja akisitasita: sema bei yako. Basi nikasema yote, ubishi, sanduku, kukamua, na ile rudi kwenu. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Halafu?"

Bibi akarudi kwenye Kisukuma chake, taratibu safari hii, akiningoja nimalize kila kipande. "Halafu hakwenda. Wanangu wawili wako Mwanza, hawaji. Huyu ndiye ananikanda miguu. Siku ile nilikosea, na sijawahi kumwambia." Akanisubiri. Nikatafsiri. "Mimi nilimfukuza mwenyewe nikashindwa. Ninyi wa ofisini mtamweza?"

Hilo nililisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Waliokuwa nje dirishani wakacheka, na hakimu naye akaacha kujizuia. Mama hakucheka. Alikuwa anafuta macho kwa bahasha.

Kiapo chenyewe hakikuchukua hata dakika mbili. Mama alishika Biblia, akaapa kwa sauti ile ile anayoitia wateja mnadani, hakuna neno lililopotea. Hakimu akatia sahihi, akampa mkono.

"Karibu nyumbani, mama."

Bibi akanivuta mkono niiname. "Mwambie hakimu amechelewa kumkaribisha," akasema. Sikuongeza sukari.

Nje bibi alishusha mfuko wake wa michembe. "Haya, raia, nibebee."

"Beba mwenyewe, mama," mama akajibu. "Leo mimi mtu wa serikali."

Lakini aliubeba. Nikasukuma baiskeli nyuma yake, na bibi juu ya kerea akaniambia nikitumwa maneno ya watu niyafikishe, nisiyaonje njiani.

Jumatatu mama alinituma mimi kwa bwana wa leseni. Aliangalia karatasi pande zote mbili, akaniuliza nataka nini.

"Kibanda cha mama," nikasema.

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Nikasema tena, wakanisikia mpaka waliokuwa kwenye foleni.