Damu ya Muleba Isiyochacha

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya hospitali ya Bukoba sikuonyeshwa hata tone la damu. Nilikabidhiwa ndoo mbili, brashi nyembamba na tyubu za kioo zaidi ya mia, nikaambiwa nioshe. Cheti changu kipya kilikuwa ndani ya bahasha, nami nilikuwa nimekishikilia tangu nyumbani Kashozi nisije nikakikunja. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi aliyevaa suruali ya pasi kali, aliipokea bahasha, akaiweka kando bila kuifungua.

"Binti, hicho kitakusaidia siku ya kustaafu," aliniambia. "Leo nataka nisikie tyubu inalia."

Tyubu iliyooshwa vizuri ukiisugua kwa kidole hulia. Zangu zilianza kulia saa tisa alasiri, na mimi nusura nilie nazo. Ninyi vijana wa siku hizi mnatumia tyubu ya plastiki mara moja mnaitupa, kisha mnalalamika mmechoka. Mmechoshwa na nini, hebu niambieni?

Miaka ile vita ilipofika mto Kagera, watu wengi wa Bukoba walihamisha watoto kwa ndugu zao vijijini. Sisi wa maabara tulibaki. Kazi ilikuwa moja tu: kupima makundi ya damu, ya majeruhi na ya waliojitolea kuwapa, kisha kuchanganya tone la huyu na tone la yule kwenye kipande cha kioo kuona kama zinapatana. Umeme ukikatika, tulizungusha damu kwa mashine ya mkono, mkono huu ukichoka unashika kwa mwingine. Mkuu wa Maabara hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa akisema, "Soma, rudia kusoma, halafu andika ulichokiona, siyo ulichokitaka." Nilimwona mzee msumbufu. Mungu amrehemu, kila kitu nilichokifanya vizuri baadaye kilitoka kwenye kinywa chake.

Baada ya vita nilihamishiwa Muleba, nikapima malaria na minyoo mpaka macho yakazoea umbo la darubini. Kisha nikarudishwa Bukoba, kwenye mradi wa utafiti wa moyo na mishipa. Msimamizi wake tulimwita Daktari Mtafiti. Alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, mrefu, mwenye haraka, na Kihaya alichokijua ni cha kusalimia tu. Mimi nilipanga chumba Hamugembe, nikawa natembea kwa miguu kwenda kazini.

Nieleze kidogo, kwa sababu hata wajukuu zangu wanadhani nilikuwa nauza damu. Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili huyafunga mafuta katika vifurushi vidogo vilivyovikwa protini, navyo ndivyo viitwavyo lipoprotini. Baadhi ya vifurushi hivyo hubeba lehemu, yale mafuta ambayo watu wanayaita kolestro, kuisambaza mwilini. Siku hizo wataalamu walikuwa wameanza kusema kwamba ubaya haupo kwenye wingi wa mafuta peke yake. Ubaya upo pale yanapoliwa na oksijeni yakachacha, kama samli iliyoachwa wazi. Yakichacha hunasa kwenye kuta za mishipa, njia ya damu inakuwa nyembamba, moyo unaumia.

Kipimo chetu kilikuwa cha kawaida lakini chenye adabu kali. Tulichukua seramu, yaani maji ya damu yanayobaki juu baada ya kuizungusha, tukaitia mrututu kidogo, ile chumvi ya shaba ya bluu, ili kuyachokoza mafuta mpaka yachache. Kila baada ya muda tulichota kidogo, tukatia asidi, tukachemsha. Ikitokea rangi ya waridi, mafuta yamechacha. Rangi ikija mapema, damu hiyo haina kinga, na ikichelewa, ina kinga nzuri. Barafu ya kutunzia seramu tulichukua kwenye duka la Mhindi mmoja pale mjini, tukaibeba kwenye chupa za chai. Sharti kubwa lilikuwa moja: mtu atolewe damu asubuhi, kabla hajala chochote.

Tulitaka kulinganisha watu wa mjini, waliokuja wenyewe maabara, na wakulima wa kijiji kimoja cha Muleba. Watu wa mjini hawakutusumbua. Kijijini, waitu! Zilikuwa zimeanza siku za UKIMWI, ule ugonjwa ambao mwanzoni watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo. Kila wiki msiba. Nani atakubali kukupa mkono umchome sindano? Wengine walisema tunaitafuta Juliana kwa siri, wengine wakasema tunaileta.

Aliyetufungulia njia ni Ma Kokugonza, mjane wa makamo aliyeheshimika kijiji kizima. Nilikwenda kwake alfajiri, nikaketi, tukasalimiana sawasawa, siyo salamu za kukimbia. Akaleta kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa zetu kavu za kutafuna. Akatafuna ya kwanza yeye mwenyewe, kama desturi inavyotaka, ili mgeni ajue haina sumu. Kisha akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikapokea, nikatafuna. Tulizungumza karibu saa nzima, habari za kwao na za kwetu Kashozi, mpaka akagundua kwamba alimfahamu shangazi yangu.

"Sasa chukua hiyo damu unayoitaka," akasema, akakunja mkono wa gauni.

Baada yake wengine walikubali. Kila nyumba nilifanya vilevile, kwa sababu ukiingia kwa Mhaya ukaruka kahawa, umeruka mlango. Daktari Mtafiti hakuwa na subira ya mazungumzo hayo. Alibaki nje akipanga tyubu zake, akisubiri nimwite. Kila mmoja nilimuuliza, "Umekula?" na kila mmoja alijibu kweli kabisa, "Sijala kitu." Nikaandika: hajala.

Majibu yalipotoka, Daktari alipiga meza. Damu za mjini ziligeuka waridi mapema. Za Muleba zilikaa, zikakaa, zikakataa. Hakuwahi kuona kitu kama kile.

"Ni ndizi!" alisema. "Ni ndizi na mboga za shambani. Hawa watu wana dawa jikoni na hawajui."

Akaanza kuandika taarifa ya kusoma kwenye mkutano wa madaktari Dar es Salaam. Jina langu aliliweka chini ya lake. Na zaidi ya hapo, aliniombea nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo mwaka mzima, kwenye maabara kubwa iliyovutiwa na kazi yetu. Barua ilifika. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mama yangu alinunua sanduku kabla hata sijajua nitaondoka lini. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kupanda ndege, na nilitaka kwenda, sitaki kuwaficha. Nilitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Ila kulikuwa na daftari. Katika kazi ile kila siku lazima uwe na damu moja unayoijua, ya kulinganishia nyingine. Tuliiita kontroli, na kontroli nilikuwa mimi. Nilipokuwa nikinakili matokeo ya taarifa niliona jambo lililonikera. Siku za mjini damu yangu iligeuka upesi kama ya wengine. Siku za Muleba, damu yangu hiyohiyo ilichelewa kama ya wanakijiji. Sasa, mimi ni yuleyule, ndizi ninazokula ni zilezile, na siku zote nilikuwa nimefunga kama wao. Nikasoma, nikarudia kusoma. Nikajisemea labda ni makosa ya tyubu. Nikalifunga daftari.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani Kashozi. Asubuhi kabla ya misa akaja jirani, bibi mzee, mama akamletea akamwani. Bibi akasita.

"Padri wa zamani alitukataza kutafuna kabla ya komunyo," akasema.

"Padri yule hakuwa wa huku," mama akajibu. "Kahawa ni chakula? Umewahi kushiba kahawa wewe?"

Walicheka wote wawili. Yesu wangu! Kila niliyemtoa damu kule Muleba alikuwa ametafuna kahawa mbele ya macho yangu, na mimi nimetafuna naye, nikaandika kwa mkono wangu kwamba hajala. Wala hawakunidanganya. Kwao na kwangu kahawa haikuwa kula. Na wale wa mjini, waliokuja maabara wakaketi kwenye benchi, nani aliwapa kahawa? Kilichozuia mafuta yasichache huenda hakikuwa ndizi wala Muleba. Tulikuwa tumekileta wenyewe kwa kubisha hodi.

Jumatatu nilikaa na siri hiyo. Jumanne pia. Ningenyamaza, nani angejua? Daktari hakuwahi kuingia ndani. Sanduku lilikuwa tayari, limewekwa kitambaa juu lisishike vumbi. Jumatano nilichukua daftari nikaenda ofisini kwake.

"Uliwauliza kama wamekula?" alisema nilipomaliza.

"Niliwauliza."

"Na uliwaona wakitafuna?"

"Niliwaona, Daktari. Nilitafuna nao."

Alisimama, akaketi. Nilidhani atanifukuza, na kwa kweli alikuwa na haki.

"Unajua barua yako ya safari imesimama juu ya kitu gani?"

"Juu ya matokeo haya."

"Na bado umekuja." Akaichukua taarifa yake, akachora mstari kutoka kona hii mpaka kona ile. "Mungu wangu, mama. Kahawa! Kwa nini hukuniambia kuna kahawa?"

"Hukuwahi kuniuliza kinachofanyika ndani. Na mimi sikujua kwamba ni kitu cha kuambiwa."

Akaandika barua ya kufuta matokeo na ya kuahirisha safari yangu, nasi tukarudi Muleba kuanza upya. Safari hii damu itoke kwanza, kahawa baadaye. Ninyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Lakini miezi ilikuwa imepita, na kijiji kilikuwa kimebadilika. Kwenye nyumba zenye wagonjwa watu walikuwa wameacha kupokea kahawa. Kukataa kahawa kulikuwa na maana moja, na kila mtu aliijua: nyumba hii ina Juliana, naiogopa.

Nyumba za mwanzo tulielewana kwa shida. Kisha nikafika kwa Ma Kokugonza. Wanawe wawili walikuwa wamerudi kutoka mjini, wamelala chumba cha ndani, nikasikia kikohozi chao. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda kwa kukesha. Aliponiona uso ulimng'aa, akaleta kikapu.

"Mae," nikamwambia, kama ninavyomwita mama yangu, "leo tuanze na damu. Tutatafuna baadaye."

Kikapu kilibaki hewani.

"Mwana wange, hata wewe?"

"Ni kwa ajili ya kipimo, Mae."

"Jirani yangu siku hizi ana vidonda vya tumbo. Katekista ana jino. Na wewe una kipimo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma orodha ya watu waliofariki.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni safari hii, ameona kila kitu. Nilijua Ma Kokugonza akitafuna, damu yake imeharibika. Lakini hakuna sheria iliyosema mimi nisitafune, ila ile ya kontroli. Nikanyoosha mkono. Sikusubiri atangulie yeye. Nikachota kahawa kutoka kikapuni kwake, nikatia kinywani, nikatafuna mbele yake, mgeni kabla ya mwenyeji, jambo ambalo mtu mwenye malezi hafanyi. Kisha nikachota tena. Ma Kokugonza alinitazama nikitafuna. Machozi yakamtoka, akakunja mkono wa gauni.

Garini Daktari alisema, "Umeharibu kontroli."

"Ndiyo."

"Andika basi."

Nikaandika: kontroli ya leo haifai, imetafuna.

Seramu mpya ziligeuka waridi mapema kama za mjini. Hakukuwa na dawa jikoni. Taarifa tuliyoitoa ilikuwa fupi, haikumshangaza mtu, na ng'ambo akaenda mwingine kutoka maabara nyingine. Nililia, sisemi uongo. Sanduku mama alilitumia kuhifadhia mashuka. Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Bukoba na Muleba, chini ya wakuu wengine, wazuri na wakorofi. Wakati wangu wa mwisho nilikuwa Mkuu wa Maabara mwenyewe, na nimewaliza vijana wengi kwa tyubu.

Sasa nimestaafu, niko Kashozi kwenye migomba ya wazazi. Vijana wa kozi wakija kunisalimia huniuliza kama ninajuta. Ninajuta, ndiyo, siku za mvua hasa, ninapokosa la kufanya. Mambo ambayo ningejifunza kule siyajui mpaka leo. Lakini nikianza kujuta najikuta nimefika kwenye siku tuliyorudi kijijini kuwaeleza watu majibu yao, mmoja mmoja, kama tulivyoahidi. Kwa Ma Kokugonza mwana wa kwanza alikuwa ameshazikwa. Alinikaribisha kwenye majani ya matanga, yale yanayotandikwa chini wafiwa wakalie.

"Niambie, mwana wange. Damu yangu inasemaje?"

Nilimweleza kwamba hatukupima ugonjwa ule, tulipima mafuta tu, na mafuta yake hayana ajabu yoyote. Ni ya kawaida.

"Ya kawaida?"

"Ya kawaida kabisa, Mae. Kama ya mtu yeyote."

Alifumba macho.

"Rudia tena," akasema. "Rudia kwa sauti, majirani wasikie."