Bahasha Hakufariki

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote za utoto wangu ni ya mkia ukipiga mabati. Du, du, du. Lango letu kule Mugutha lilikuwa la mabati makuukuu yenye kutu, na nilipotoka shule, kabla sijafika hata kwa jirani mwenye mashine ya kusaga mahindi, mbwa wetu alikuwa ameshazijua hatua zangu. Alisimama nyuma ya lango akitikisa mkia, na mimi huku nje nikimjibu kwa kugonga mabati na kiatu. Tulimwita Bahasha kwa ajili ya rangi yake, ile kahawia ya bahasha za ofisini. Alinuka, siwezi kudanganya. Alinuka matope na maziwa yaliyochacha, na sikio lake moja lilikuwa limetafunwa likabaki nusu. Mama alinituma nikaoge kila nilipomkumbatia. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa pekee katika boma lile, mtoto wa ndoto nyingi: leo nataka kuwa rubani, kesho mwimbaji, keshokutwa nimefungua hoteli ya ghorofa Thika mjini. Yote nilimwambia Bahasha kwanza, na hakuwahi kuniambia nipunguze.

Baba mkubwa, ndugu yake baba, alifariki mwezi wa nane tukiwa likizo, wakati manyunyu ya kwetu hayaachi nguo kukauka. Nilikuwa na miaka kumi. Aliishi Kamenu, Thika, akifanya kazi kiwandani, na kila baada ya wiki mbili alikuja kumwona Shosho, mama yao, ambaye tuliishi naye. Nasema ukweli wangu: sikumpenda. Alikuwa na viatu vizito na mguu mwepesi. Bahasha akimwona tu anapita langoni, aliingia chini ya ghala la mahindi, na hatoki hadi mgeni aondoke. Mimi nilijificha chini ya kitanda cha Shosho. Alikuwa akinifinya mashavu, ananiuliza nimekuwa wa ngapi darasani, na nikimwambia anawageukia watu wazima, "Huyu mtampeleka wapi?" Basi habari zilipokuja nilisimama jikoni nikingoja huzuni ianze. Haikuanza. Nilijihisi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Wiki nzima boma lilijaa watu wa matanga. Jioni kulikuwa na maombi na nyimbo, mchana ilikuwa kamati na kupika. Ndipo nilipoanza kuchukia harufu ya kabeji, na sijaacha mpaka leo. Sufuria kubwa zilichemka nyuma ya nyumba, manyoya ya kuku yamelowa, maganda ya viazi yanakanyagwa, na kila mtu anatafuna. Tata, dada yao akina baba, alitoka Gitothua kila siku na leso mbili, moja ya machozi na nyingine ya kujifuta mafuta mdomoni. Kilio chake alikianzia langoni ili kila mtu asikie, na chai ilipokaribia alinyamaza kama redio iliyotolewa betri. "Ndugu yangu, umeniacha na nani," halafu kwa pumzi ileile, "Hii chai mbona haina tangawizi?" Siku mbili nzima walizozana kuhusu picha za kijitabu cha mazishi: nani asimame karibu na marehemu, nani akatwe. Wengi wao Baba mkubwa alikuwa hasemezani nao. Shosho peke yake ndiye aliyekaa kimya kitandani, ameshika koti la mwanawe, na hakuna aliyemuuliza angependa picha ipi.

Jumatano alasiri, wimbo ukiwa ubeti wa pili, binamu yake baba alirudisha gari nyuma bila kuangalia. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kisha mtu akasema, "Ni mbwa tu, twendelee." Binamu alishuka. Nilidhani anamwendea Bahasha, kumbe anainama kuangalia kama gari limekwaruzwa. Akachuma jani la ndizi, akapangusa damu kwenye bampa polepole, upande huu na upande huu, kama mtu anayepangusa sahani ya mgeni, akalitupa lile jani juu ya mbwa wangu. Mzee mmoja akaleta koleo. Walimtia Bahasha kwenye gunia la taka, pamoja na maganda na manyoya ya kuku, wakaliegemeza kwenye ua kando ya lango, lingoje mkokoteni wa taka ambao hupita kila Jumamosi asubuhi. Nzi walifika kabla wimbo haujaisha.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nikagaagaa kwenye nyasi, gauni likajaa matope, makamasi yakanifika kidevuni. Na watu wakanizunguka. Nilifikiri wananihurumia kwa sababu ya Bahasha, hadi nilipomsikia Tata akisema kwa sauti ya kutangaza, "Mwone huyu mtoto vile alimpenda Baba yake mkubwa. Hawa wengine wamekaa tu kama mawe." Wanawake walinipangusa. Mmoja alinipa soda. Mwingine alinichagulia paja la kuku, lile ambalo kwa kawaida huwekewa mchungaji, akanibembeleza, "Kula, mami, umelia vizuri." Na mimi nilikula. Nililia huku nikila, mafuta yakanichuruzika kwenye mikono, gunia likiwa pale pale ninaliona, na nyama ilikuwa tamu. Nikiwaza leso za Tata, huwa nakumbuka pia lile paja.

Jioni hiyo nilimfuata baba jikoni. "Baba, tumzike."

"Nani?"

"Bahasha."

Baba aliangalia mlango. Alikuwa akiniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Maitu," akasema, "jembe zote zimechukuliwa na wachimba kaburi. Na watu wakiniona nazika mbwa wiki ya ndugu yangu, watasema nini?"

Tata alikuwa mlangoni akisikiliza. "Shimo la pili, kwa boma lenye matanga? Unataka kumwita nani mwingine amfuate?" Kwao ilikuwa mwiko: shimo jingine likichimbwa huku kaburi jipya linangoja, kifo kingine kinakaribishwa. Nilimwambia Bahasha naye amefariki na hawezi kukaa na maganda ya viazi. Wanawake waliokuwa wakimenya walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu.

"Mbwa hafariki," Tata akanifundisha, akihesabu kwa vidole. "Mbwa anakufa. Mtu ana mwili, mbwa ana mzoga. Mtu anazikwa, mbwa anatupwa. Kwani huko shule mnafunzwa Kiswahili gani?"

Baba hakucheka; alichukua birika akaenda kuwamiminia wageni chai. Alhamisi nilipita karibu na gunia mara nyingi, nikiwa nimeziba pua na gauni, nikihesabu: leo, kesho, halafu mkokoteni.

Ijumaa walitoa mwili mochari ya Thika wakauleta nyumbani, na kwa sababu nililia vizuri nilichaguliwa kusoma salamu za watoto wa familia. Tata ndiye aliyeziandika. "Baba mkubwa, ulikuwa mwavuli wetu. Nani atatuuliza habari za masomo?" Nilifika kwenye mwavuli nikaacha kusoma, maana kutoka pale mbele nililiona lango, na kando yake gunia, na nzi. Nikalia tena. Hema zima likalia. Hata binamu wa gari alivua miwani.

Baada ya kaburi kufunikwa, alinijia Njoki, binti yake Baba mkubwa, wakati huo akiwa na miaka kumi na mitano. Macho yake yalikuwa makavu, na midomo ilikuwa imepasuka kwa kuiuma. Alinishika mkono akaninong'oneza, "Asante kwa kumlilia baba. Mimi machozi yamekataa kutoka. Watu wananiangalia kama niliyemuua." Mkono wake ulikuwa baridi sana. Nilijua hapo hapo kwamba katika hema lile lote yeye ndiye aliyekuwa ameumia kweli, na kwamba mimi nilikuwa nimepewa paja lake. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikasema, "Ni sawa." Tata, binamu, kabeji, nzi, yote yale yananitia kinyaa, lakini hiyo "ni sawa" yangu naisikia hadi leo na mate yanakuwa machungu.

Sasa nina miaka ishirini na minne. Nashona mapazia kwenye duka la mtu hapa Thika, na nitafungua langu, hilo nimeshaliamua, litakuwa na dirisha kubwa la barabarani. Shosho alifariki mwaka juzi, na ndipo nilipojua kufiwa na mtu wako ni nini. Sisemi mbwa ni mtu. Uchungu wa Shosho ni mkubwa kuliko ule, haujaisha, unanijia nikiwa katikati ya kupinda kitambaa na inabidi nisimamishe cherehani. Lakini uchungu wa Shosho ulikuwa na pa kukaa. Nilipewa siku za kupumzika, majirani walileta maziwa, kila niliyekutana naye alisema pole hata kama hakumjua. Ule wa Bahasha haukupewa hata kigoda, ilibidi uvae nguo za marehemu mwingine ndipo uruhusiwe kuingia. Siku hizi naona mambo yamegeuka. Mtu akifiwa na paka anaweka picha kwenye simu, anapewa pole na watu hata asiowajua, nami hufurahi, nami huandika pole. Ila kwenye mazishi ya Shosho, Tata alikuja na leso zake mbili, simu mkononi ameinyoosha mbele, akijichukua video akilia, na mara mbili aliisimamisha akaanza upya kwa sababu jua lilikuwa vibaya. Niliondoka pale nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Njoki alikuja akanishika mgongo, naye safari hii alikuwa akilia kama mvua. Hata hapo sikumwambia. Akisoma hapa, atajua.

Mwezi uliopita familia ililijengea kaburi la Baba mkubwa kwa vigae. Fundi alishangaa kuwa upande wa miguu udongo ulikuwa umebonyea, akajaza kokoto. Nilikuwa nimesimama hapo, na sababu niliijua mimi peke yangu. Ilikuwa hivi. Ile Ijumaa, hema likifunguliwa na watu wazima wakiwa ndani wakigawana chakula kilichobaki, jua lilikuwa bado juu ya miti ya jirani. Nililiburuta gunia kutoka langoni, nikipumua kwa mdomo. Sikuwa na jembe, na kuchimba shimo la pili niliogopa kweli, nilimpenda Shosho na sikutaka afuate. Lakini udongo wa kaburi ulikuwa laini, na hilo shimo lilikuwa lishachimbwa. Niliondoa mashada mawili ya maua upande wa miguu, nikachota na sahani ya plastiki iliyoachwa na wageni hadi mikono ikaingia mpaka kwenye viwiko. Nilimtoa kwenye gunia. Nilimtoa manyoya ya kuku, moja moja, na ganda la kiazi lililokuwa limeganda kwenye jicho. Kisha nikamlaza, nikarudishia udongo, nikausawazisha na kiganja, nikapanga maua yakae kama yalivyokuwa, na kwa sauti ndogo nikasema, "Amefariki."