Dufu Linaloitwa Bi Mkubwa

Watu wa Kihesa wanamjua Bibi Mwanakhamisi kwa vitu viwili: viungo vya pilau anavyouza barazani kwake, na hasira. Hasira yenyewe haina siri, inatokana na dufu. Bibi yake mzaa mama alikuja nalo kutoka Bagamoyo, amemfuata mume aliyefungua duka Iringa, na tangu hapo wanawake wa ukoo ule wamekuwa wakipiga dufu na kuimba kasida kwenye maulidi na harusi. Enzi za mama yake walikuwa kumi na wanne. Leo wako watano, na kati ya hao watano mmoja anachelewa kila siku, na wawili wanaimba huku wanachungulia simu kwa sababu maneno hawayajui. Mtu gani hatakasirika?

Anayemvumilia zaidi ni Hanifa, binti wa kaka yake. Miaka mitatu sasa anamwomba jambo moja tu. Baridi ya Iringa inalegeza ngozi ya mbuzi. Lazima madufu yaoteshwe moto wa mkaa kabla ya kupigwa, na yakikaa nusu saa bila kazi yanapoa, yanalia kama karai.

"Shangazi, tununue yale ya plastiki. Hayataki moto wala nini."

"Plastiki ni ya ndoo," Bibi humjibu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Tena kuna sharti. Dufu la bibi yake, wanaloliita Bi Mkubwa, ndilo linalofungua. Mwanakhamisi analipiga peke yake mapigo matatu, ndipo wengine wanaingia. Bi Mkubwa hajalia, hakuna anayenyanyua mkono.

Basi mwezi wa saba mjukuu wake Nasrin akapata mchumba wa Mbeya. Wiki moja kabla ya harusi alikuja barazani, akakaa kando ya kinu.

"Bibi, nipigie dufu siku yangu. Wewe mwenyewe. Huko ninakokwenda waliokuwa wanapiga wamekwisha."

Mwanakhamisi alijifanya anachekecha mdalasini ili macho yake yasionekane. Akaahidi.

Sherehe ya kinamama ilifanyika ukumbini Ipogolo, Jumamosi mchana. Ratiba ilisema dufu saa nane. Saa nane kasorobo jiko lilikuwa tayari uani, madufu yamelizunguka, ngozi zimekaza vizuri. Saa nane ilipofika, MC Tumpe, aliyekuja na upande wa bwana harusi, alishika kipaza sauti, akasalimia: "Kamwene Iringa! Mbeya mpo?" Akaita keki. Wapiga dufu wakarudi motoni. Saa tisa akaita zawadi. Wakarudi motoni. Saa tisa na nusu akaita mashoga wa bibi harusi waje wacheze, spika zikatikisa madirisha, na Mwanakhamisi akahisi kichwa kinagonga. Mara tatu wameotesha, mara tatu yamepoa. Alipotuma mtu kuuliza, aliletewa jibu kwamba watulie, watapewa dakika tano.

Dakika tano! Kasida ya kufungulia peke yake inataka kumi. Akamweka Bi Mkubwa motoni kwa mara ya nne, akamfuata Tumpe mlangoni.

"Wewe binti, umetuona sisi masufuria, tukae jikoni?"

"Mama yangu, usinikasirikie jamani. Ratiba imebana, ukumbi saa kumi na moja wanafunga."

"Na keki je? Ingekimbia?"

"Shangazi," Hanifa aliita kutoka uani, "dufu lako linapata moto sana."

"Liache! Asiliguse mtu!"

Kweli, hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuligusa. Akamgeukia Tumpe, akaanza kumwelezea Bagamoyo, bibi yake, wale wanawake kumi na wanne. Alikuwa katikati ya habari za hao kumi na wanne, uani kukalia paa! Ngozi ya Bi Mkubwa ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Hanifa akamnyooshea la kwake. "Fungua kwa hili, Shangazi. Nasrin anasubiri."

Mwanakhamisi alilitazama, akatikisa kichwa. Hanifa akarudia, machozi yakimlengalenga, na bado alikataa. Nani angemweza?

Tumpe hakuwa mtu mbaya. Alipoona hawapigi akauliza kama hawana rekodi, na mmoja wao alikuwa nayo kwenye simu, ya maulidi ya mwaka jana. Ikaunganishwa na spika. Watano wakaketi mbele na madufu mapajani, na sauti zao za mwaka jana zikajaa ukumbi. Kinamama wakapiga vigelegele, wakapunga khanga. Mwanakhamisi aliyasikia mapigo yake mwenyewe matatu huku mkono wake umelala pajani, akatamani ardhi immeze. Nasrin, kwenye kiti cha bibi harusi, alikuwa anaitazama mikono ya bibi yake.

Siku ya pili asubuhi, gari la Mbeya likinguruma nje, Nasrin alikuja kuaga. Mwanakhamisi akaanza: yule MC, ile baridi, ile ngozi.

"Bibi," Nasrin alimkatiza taratibu, "si ungepiga hata la mama mdogo Hanifa? Mimi sikuomba ngozi. Niliomba unipigie wewe."

Gari likaondoka. Mwanakhamisi alibaki barazani, duara tupu la mbao la Bi Mkubwa mapajani. Wateja wawili walikuja, wakaondoka bila kuhudumiwa. Hanifa alipopita, alimwita kwa ukali uleule wa siku zote.

"Hayo ya plastiki yanauzwa wapi?"

"Dar, Shangazi. Nilikuonyesha mwaka juzi."

Mwanakhamisi aliliweka duara chini. Alitafuta wa kumkasirikia, akamkosa.