Mwenye Ng'ombe Atupishe

Kundi letu la wakulima pale Sigino lina desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Ng'ombe akila shamba la mtu, sisi ndio tunaokaa kupima hasara. Mwenye ng'ombe anakaribishwa vizuri, anasema yake yote, hata akitaka kusingizia kamba tunamsikiliza. Akimaliza anaegemeza fimbo yake ukutani na kutoka nje. Fimbo inabaki kumwakilisha, yeye anakaa juani mpaka aitwe. Hajafukuzwa. Ni kwamba akiwepo watu wanamwonea haya, na mahindi yaliyoliwa huanza kupungua kila tukimtazama usoni.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kundi. Nakaa Bagara, shamba liko Sigino, na mdomo wangu uko kote kuwili. Siku moja tulikuwa tunapura mbaazi huku redio ikieleza habari za mkutano mkubwa wa dunia wa tabianchi. Mtangazaji akasema kampuni za mafuta na gesi nazo hupeleka watu wao mle ukumbini. Jirani yangu wa shamba, mama ambaye hajui kunong'ona, akaacha kupura.

"Yaani wenye ng'ombe wamo ndani? Hiyo si kesi ya nyani kumpelekea ngedere?"

Tulicheka, lakini lile neno halikututoka. Mvua zetu siku hizi huja zikijisikia, na zikija zinataka kubeba mpaka jiko. Kwa hiyo shirika moja la mjini lilipotafuta mkulima wa kwenda kwenye mkutano huo, kundi lilinichagua mimi na kunipa kazi moja tu: kawaombe wenye ng'ombe watoke nje, urudi utuambie wamejibu nini.

Nilikwenda na vitenge vyangu vizuri, nikapewa beji yenye picha ambayo nimetoka kama mtuhumiwa. Kumbi zilikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama. Nilikuwa na dada mmoja wa shirika, Mtanzania mwenzangu, ambaye alinitafsiria kila kitu, mpaka mashine ya kahawa. Hiyo mashine ndiyo iliyonikutanisha na bwana mmoja wa suti ya kijivu. Iligoma kwangu, yeye akaibonyeza mahali, kahawa ikatoka. Mtu mwema kabisa. Beji yake ilionyesha amekuja na ujumbe wa nchi yake, lakini dada akaniambia pembeni kwamba ni mtu wa kampuni ya gesi. Huwa wanakuja hivyo, alisema.

Nafasi yangu ya kusema ilipofika nikamkuta yule bwana amekaa mstari wa mbele. Nilieleza habari za ng'ombe, fimbo na jua. Kisha nikasema, kwa adabu zote, "Sasa naomba wenye ng'ombe watupishe, tupime hasara." Dada akatafsiri. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa bwana wa suti ya kijivu.

Mimi nikabaki nimesimama. Nilikuwa nawasubiri watoke! Sigino ukishasema hivyo unasubiri, mtu anaegemeza fimbo yake, anatoka, mnaendelea. Pale niliendelea kusubiri mpaka mwendesha kikao akanishukuru mara ya pili na kumpa mwingine kipaza sauti. Dada akanivuta kitenge nikae.

Baadaye bwana yule alinifuata kunipongeza. Alisema hawana nia mbaya, wao wanakaa ndani ili kueleza kidogo tu. Akaongeza kwamba amefurahi sana, maana shirika lililonileta hupata fedha zake kutoka kampuni yao, na kumbe matunda yanaonekana. Dada alitafsiri hayo polepole, akitazama viatu vyake. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, hata tiketi yangu imetoka humo, na kwamba ni jambo la kawaida.

Sigino walinipokea kwa vigelegele. Mtu akitumwa hurudi na mzigo wote, nami niliwaeleza yote, mpaka la tiketi. Vigelegele vikaisha. Jirani yangu akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba."

"Pole na safari. Sasa tupishe."

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Fimbo sikuwa nayo, nikavua ile beji, nikaitundika kwenye msumari ukutani na kutoka.

Nikakaa kwenye jiwe lile ambalo nimewakalisha wanaume wengi wa kijiji. Jua lilikuwa kali na jiwe ni baya kuliko nilivyodhani. Mkuki kwa nguruwe! Nilikasirika kwelikweli. Mimi niliyepanda ndege macho nimefumba, niliyewasemea mbele ya mataifa, leo nikae nje kama mwenye fahali mkorofi? Dirishani nikasikia mtu akisema, "Lakini amekunywa kahawa yao." Nikainuka. Nilikuwa na jibu zuri la hiyo kahawa. Nikafika mlangoni, nikainua mkono nibishe hodi, niingie nieleze kidogo tu.

Kidogo tu. Akilini nikamwona yule bwana na suti yake. Nikarudi kwenye jiwe.

Waliponiita, jirani yangu ndiye aliyenisomea uamuzi uso kwa uso, bila karatasi. Uenyekiti nibaki nao. Ila habari za tabianchi atazisema mtu mwingine, na nauli yake tutachanga wenyewe. Mmoja akauliza itakuwaje ikiishia Arusha. Wakajibu basi atasemea Arusha. Iliniuma, nami nikawaambia imeniuma, lakini nimekubali.

"Na yule bwana," jirani akaniuliza, "mwishoni alitoka?"

"Hakutoka."

"Wewe umetoka," alisema, akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa.