Siku Malengo Yangu Yalipotimia

Chekeni tu, maana imenichukua miaka kuweza kulitaja jina la nabii Eliya bila kutokwa na jasho, na mimi ndiye mwalimu wa dini.

Ilikuwa miaka ya tisini, nafundisha Historia na Dini katika shule moja ya kutwa upande wa Shinyalu, bado niko kwenye muda wa majaribio, yaani nangoja mkaguzi aje anione nikifundisha, atie sahihi, nithibitishwe kazini. Nilikuwa kijana wa shati lililonyooshwa na maneno mengi. Walimu wenzangu wakiandika kwenye andalio la somo kwamba "mwanafunzi aelewe," nilikuwa nawacheka: kuelewa kunapimwa kwa rula gani, bwana? Andika "ataje," andika "aeleze," kitu cha kuhesabika! (Ndivyo tulivyoambiwa chuoni, nami nikameza bila kutafuna.) Shida ni kwamba kuwacheka wenzangu kulikula muda wangu wote, na tangu muhula uanze sikuwa nimeandika andalio hata moja.

Basi asubuhi moja mwalimu Saidi wa Jografia, mtu wa Mumias ambaye salamu yake huwa haina mwisho, akaingia chumba cha walimu akihema. "Salaam alei... jamani, gari la mkaguzi nimeliacha hapo Khayega, dereva anaulizia njia!"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikachukua madaftari mawili, la Historia na la Dini, nikaandika malengo mbiombio, kila sentensi nikiiachia pengo la jina (majina yapo kitabuni, yataenda wapi?), halafu nikarudi kujaza mapengo, Historia huku, Dini kule, mkono ukikimbia kuliko macho. Na kwa kuwa chini kabisa panatakiwa maoni ya mwalimu baada ya kipindi, nikapajaza papo hapo, ya nini kurudia kazi: "Malengo yote yametimia. Wanafunzi wamefurahia sana."

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Akaketi dawati la nyuma, Kidato cha Pili, nikamkabidhi daftari la Historia kwa mikono miwili, nikageukia ubao kuandika mada yetu, ufalme wa Wanga na Waingereza. Sijamaliza neno la kwanza:

"Samahani, mwalimu. Nimechelewa?"

"Hapana, mama, ndiyo tunaanza."

"Kwa sababu hapa wanafunzi wameshafurahia sana."

Darasa likacheka, nami nikacheka, kile kicheko cha mtu anayejua suruali imepasuka ila hajui wapi. Mama akasimama, akasoma kwa sauti: "Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kueleza sababu tatu zilizomfanya nabii Eliya ashirikiane na Waingereza."

Nikangoja kicheko kingine. Hakikuja. Walikuwa wanaandika!

"Haya," akasema mkaguzi, "nani atanieleza?"

Mikono ikapaa. Imali, msichana aliyekuwa akiongoza darasa kila muhula, akasimama wima. "Kwanza, alitaka bunduki awashinde manabii wa Baali. Pili, alitaka ulinzi dhidi ya Yezebeli. Tatu, alitarajia kupewa cheo."

"Na wamisionari wamjengee shule," akaongeza mvulana mmoja.

Mama aliandika yote, taratibu, kisha akanitazama. "Mwalimu, nilidhani umedanganya. Kumbe malengo yako yametimia kweli. Hilo ndilo linalonitisha."

Majaribio yangu yakaongezwa mwaka mzima. Kila Ijumaa ikabidi nipeleke maandalio yangu yakaguliwe na Saidi, bingwa wa "aelewe," naye aliyasoma neno kwa neno, polepole, kama mtu anayenyonya mfupa wa ingokho, kuku wetu wa kienyeji. (Daftari la Dini nililichoma jikoni, humo mfalme wa Wanga alikuwa anapambana na manabii wa Baali.)

Lakini aibu yenyewe haikuwa hiyo. Jioni ya siku ile ya mkaguzi nilimkuta Imali anafuta ubao, nikamuuliza, "Wewe huenda kanisani kila Jumapili. Eliya na Waingereza uliwaona wapi?"

Akainamisha kichwa. "Sikuwaona, mwalimu."

"Sasa mbona ulijibu?"

"Si unatuambianga swali haliachwi wazi? Na ilisemwa sababu ni tatu."

Nikaapa kwamba maoni ya kipindi nitayaandika kipindi kikiisha, na kwamba kila wiki nitawatilia uongo mmoja katikati ya somo, nione nani atanisimamisha aniambie, mwalimu, hiyo si kweli. Nikaanza Jumatatu iliyofuata. Muhula uliisha wakiwa bado wananakili.