Thunder Monks: game mbovu iliyosifiwa miaka yote, ikakaribia kunikosesha mke

Wakuu, hamjambo huko mliko. Huku Longisa mvua imekataa kuisha na wateja hawaonekani, kwa hivyo nimekaa dukani na kikombe cha chai, nikaona leo niitoe hii stori kifuani.

Sitatia chumvi. Mkifika mahali mkaona kama nimetia, jueni hata mimi nilikuwepo na nilishangaa.

Kwa wasionijua, mimi ni Momanyi, fundi wa TV na redio. Nyuma ya duka nina chumba cha game. Mimi ni Mkisii wa kambi: wazazi walikuja Kericho kuchuma chai ya kampuni, nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Ugonjwa wangu ni consoles za zamani. Wengine hununua viatu, mimi hununua mitambo iliyokufa na kuifufua.

Sasa, Thunder Monks.

Kama umewahi kuingia kundi lolote la watu wa retro, yaani game za zamani, umekutana nayo. Watawa sita wanazipiga ndani ya hekalu wakati wa radi. Kila wiki kuna mtu anapost picha ya ile mashine nyekundu na kuandika "hawatatengeneza tena kitu kama hiki." Mwingine anajibu na emoji ya kulia. Lakini hakuna anayeeleza jinsi inavyochezwa. Hilo lilipaswa kunishtua mapema, ila hype ni kama pombe ya harusi, unakunywa kwa sababu kila mtu anakunywa.

Nilianza kuitafuta kwa sababu ya mwanamke.

Chebet, mchumba wangu, kwao ni Boito. Baba yake alifariki akiwa mdogo, na tangu hapo familia ikasimamiwa na Mjomba Philemon, kaka wa mama yake. Mama Chebet ana shamba lake la chai na analichuma mwenyewe mpaka leo. Lakini neno la mwisho kwa hiyo boma ni la mjomba. Akinuna, hakuna koito, na bila koito, yaani kile kikao cha kuposa, mimi ningebaki mtu wa kuleta mkate na kurudi Longisa.

Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mambo magumu. Kanisa gani. Kisii kwenu ni wapi. Mbona fundi wa redio na watu siku hizi wanasikiliza simu.

Hakuuliza hata moja. Aliniangalia akasema, "Nasikia wewe ni mtu ya game. Thunder Monks unajua?"

Kumbe ujana wake, mashine ya Thunder Monks ilikuwa kwenye ukumbi wa video pale Boito center, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Alinieleza mapambano yale mpaka chai ikapoa. Hakuna mwanaume aliyewahi kumpiga. Kuna mmoja aliacha kucheza akaokoka.

Mwishoni akanishika bega. "Nitafutie hiyo kitu, kijana. Siku nitacheza tena, hiyo siku tutaongea mambo ya koito."

Mnaelewa sasa. Mke wangu alikuwa ndani ya game.

Nikaanza msako.

Port ya kwanza, yaani ile game ya mashine ikihamishiwa console ya nyumbani, ilikuwa ya cartridge, kile kikaseti cha kuchomeka. Niliipata kwa Karis, Mkikuyu mmoja wa Kericho mjini anayeuza vitu vya mitumba. Aliapa kwa jina la kanisa lake kwamba haijawahi kufunguliwa. Nilipoifungua nilikuta mende aliyekauka, na kusema kweli mende huyo ndiye alikuwa na graphics nzuri kuliko game. Watawa sita walikuwa wamebaki wanne. Hekalu lilikuwa ukuta wa kijivu. Radi ilikuwa skrini kuwaka nyeupe mpaka macho yanauma.

Nikasema, hii ni port tu, console ilikuwa dhaifu.

Ya pili ilikuwa ya CD. Hapo watawa walirudi wote sita, pamoja na muziki mzito wa kuogofya. Shida ni kusubiri. Kabla ya kila pambano inaload mpaka unaweza kusonga ugali, ule, uoshe sufuria. Halafu pambano lenyewe linaisha kabla hujakaa vizuri.

Nikasema, hii pia ni port tu.

Ya tatu ilikuwa ya mkononi. Hiyo sitaizungumzia sana. Ni siafu wawili wakigombania kitu ambacho hakionekani.

Mwishowe nikasikia wenye game wameitoa upya mtandaoni, ile ile ya mashine, bila kubadilisha kitu. Nikadownload. Nikafunga duka, nikakaa, nikasema leo ndio leo.

Wakuu.

Ilikuwa mbovu.

Watawa wote sita ni mtu mmoja aliyebadilishiwa nguo. Hakuna kusogea mbele wala nyuma. Kuna vifungo viwili tu, ngumi ya kushoto na ngumi ya kulia, na anayevibonyeza haraka kuliko mwenzake ndiye anashinda. Ile "siri ya radi" ambayo watu huandika aya ndefu kuihusu hutokea ukibonyeza haraka zaidi. Basi. Hakuna siri. Port zote nilizokuwa nikizilaani zilikuwa zinasema ukweli, mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

(Naona kuna mtu hapo chini ashaandika kwamba sijui kucheza. Ndugu, hata mbuzi akikanyaga hivyo vifungo anafika kwa boss wa mwisho.)

Lakini mke ni mke. Nikatengeneza sanduku la mbao lenye vifungo vikubwa, viwili kwa kila mchezaji, sawasawa na ile mashine. Nikalipiga msasa, nikalipaka rangi nyekundu. Hapo sijisifu, ila ilikuwa kazi safi, na mkumbuke hilo maana ndilo lililoniponza.

Jumapili baada ya kanisa tukakutana kwa Mama Chebet. TV mezani, sanduku mbele yake, chai na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, kando. Mjomba alikuja na koti la suti. Alipoona ile rangi nyekundu alilisogelea sanduku, akaligusa taratibu, na hapo nilimpenda yule mzee, nasema ukweli.

Tukacheza. Nikajiachia nipigwe, si mnajua. Akacheza na Chebet, akashinda kwa shida. Akaanza kuhubiri sasa, jinsi unavyotakiwa kusoma akili ya adui, kumvuta, kungoja radi. Mimi natikisa kichwa tu, "eeh mjomba, kabisa mjomba."

Mama Chebet alikuwa akipita na sinia. Akaliweka chini. "Hebu na mimi nishike hiyo kitu kidogo."

Mjomba akacheka. Sote tukacheka.

Sasa kama hujawahi kumwona mchumaji wa chai wa miaka mingi akiwa kazini, sikiliza. Mikono yote miwili inaenda yenyewe, kushoto, kulia, kushoto, kulia, majani mawili na kichipukizi, huku mdomo unapiga story na jirani wa mstari wa pili. Macho hayana haja ya kuangalia.

Ndivyo alivyocheza. Aligeuka kumuuliza Chebet kama maziwa yamechemka, na wakati anauliza, mtawa wa mjomba alikuwa anapigwa mpaka huruma. Radi ikawaka. Ikawaka tena. Mjomba akaomba marudio, akapigwa vibaya zaidi.

Hakuna aliyecheka tena.

Mjomba akasukuma sanduku kando. "Hii si yenyewe. Hii watu wa port waliharibu." Akanigeukia mbele ya watu wote. "Fundi, waambie. Si port ndio mbaya?"

Nilikuwa na jibu. Neno moja tu, ndiyo. Chebet alikuwa ananikodolea macho, na hayo macho yalisema waziwazi: danganya, mjinga wewe.

Lakini mzee alikuwa amesukuma sanduku langu. Kazi ya mikono yangu, nimeipiga msasa, halafu inaitwa port mbaya. Roho ya fundi ikapanda.

"Mjomba, hii ndiyo yenyewe. Hata ile ya center ilikuwa hivi hivi." Ningeishia hapo pengine ningepona. Nikaongeza ambalo hakuna aliyeniomba. "Ni game mbaya. Ilizaliwa mbaya."

"Mbaya?" Sauti ilipanda. "Mimi nilipiga wanaume ya Boito yote na hii game! Wanaume ya kuchuma chai! Mikono kama mashine!"

Hapo ndipo Mama Chebet alipoongea, bila hasira yoyote, anafuta mikono kwa leso.

"Philemon, hao watu walikuwa wamechoka. Walikuwa wanatoka shamba, mikono imekufa. Wewe ulikuwa unatoka tu nyumbani."

Chebet alinieleza baadaye. Babu yao alikuwa mkali. Kila mtoto alipewa mistari yake ya chai, na hakuna kutoka bomani kabla mistari haijaisha. Vijana wote wa Boito waliishi hivyo. Lakini Philemon alikuwa akifika kwa mashine mapema, freshi, siku zote. Walidhani ana mikono ya ajabu.

"Mistari yako nani alikuwa anachuma?" Mama akamuuliza pale pale.

Mjomba alisimama. Alichukua kofia yake, akatoka, na chai yake akaiacha hapo ikiwa nusu. Nilimwona akipita kati ya majani ya chai akielekea kwake, koti la suti likilowa mvua.

Wakuu, nilijua nimekufa.

Nilimpigia simu, hakushika. Nikatuma salamu kwa watu wa kanisa lake, hazikurudi. Chebet hakunipigia kelele, na ningependelea kelele. Alisema tu, "Ungesema port, Momanyi. Neno moja ungekufa?" Halafu akaendelea kumenya viazi. Niliogopa wakuu, niliogopa kabisa. Huyo mwanamke nampenda.

Siku ya koito mjomba alikuwa ameshaipanga aliposikia game imepatikana, na Mama alikataa kuiahirisha. Baba yangu na shangazi zangu wakaja kutoka kambini wamevaa vizuri. Wazee wa upande wao wakakaa. Kiti cha mjomba kikawa tupu.

Kibaya zaidi, siku hiyo ilikuwa pia siku ya lori la majani. Kwa mvua tuliyokuwa nayo chai ilikuwa imefura, na ukiiruka inakomaa, kiwanda kinakataa. Mama Chebet alikuwa jikoni na leso kiunoni. Kila mara anachungulia saa ukutani, anaomba ruhusa aende achume kidogo arudi, wanawake wanamzuia. Kikaoni hakuwa na nafasi ya kuongea, wanaoongea ni wazee. Yeye alikuwa wa kupika.

Tukangoja. Wazee wakaanza kunong'ona Kipsigis kwa sauti ya chini. Kipsigis changu ni cha kununua mboga, lakini hayo nilielewa. Baba akaniangalia. Alikuwa ameshaweka fimbo yake mkononi, tayari kwa safari ya kurudi.

Ndipo mjomba akatokea. Si kwa geti. Alitokea upande wa shamba, amevaa ile aproni ya plastiki ya kuchumia, matope mpaka magotini, na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Hakutusalimia. Alienda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni akamwita dada yake kwa jina la utotoni, ambalo sitaliandika hapa.

"Mistari yako imeisha. Yote. Majani imeenda na lori."

Akamshika mkono akamleta mbele ya wazee, akamkalisha kwenye kile kiti chake. Mzee mmoja alifungua mdomo apinge. Mjomba akamwangalia, mdomo ukafungwa.

"Huyu ataongea kwanza. Mimi nitasimama."

Mama Chebet alifungua leso kiunoni. Alikuwa anaangalia mikono ya kaka yake, vile vidole. Kisha akavuta pumzi na kusema, "Mimi nimekubali. Kijana apewe mursik."

Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa viatu visivyo na kamba.

Mambo mengine yalikwenda vizuri, siwachoshi. Ila wakati wa kuondoka mjomba alinipitia karibu, akaninong'oneza, "Lakini kijana, hizo port pia ni mbaya." Nikakubali haraka sana. Safari hii sikuongeza hata nukta.

Nilichojifunza ni kwamba game ilikuwa takataka, ninaisimamia hiyo kauli, na wale wa emoji za kulia waje tubishane hapa hapa. Nimejifunza pia kwamba mtu akikuambia alikuwa bingwa wa kitu, usimuulize alimpiga nani.

Sasa zamu yenu. Tajeni game ya utotoni mliyoirudia ukubwani mkajuta. Halafu mseme, wakati wewe uko kwa mashine unashinda, nani alikuwa nyumbani anafanya kazi yako? Anzeni na hilo la pili, na kabla ya kulijibu hapa, mpigieni simu.